Goti Jipya la Pimamaji

Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, na jina hilo likamganda kuliko alilopewa na baba yake. Hakuwahi kumaliza chumba bila kulaza kile kifaa chake chenye kiputo cha maji juu ya vigae, kona hadi kona, kisha akajilaza mwenyewe kifudifudi, shavu sakafuni, jicho moja kalifumba, akitafuta kigae kilichochomoza unene wa ukucha. Akikipata, anaking'oa. Mwenye nyumba akilalamika kwamba haoni kasoro yoyote, anamjibu, "Wewe huoni, mimi naona," na kazi inaanza upya.

Mdogo wake, fundi vigae kama yeye, aliitwa Chapu. Huyo angemaliza vyumba viwili huku kaka yake bado anavuta uzi katika kimoja, tena anaimba. Na vigae vyake, tuseme haki, havikuwa vibaya. Hilo ndilo lililomkera Pimamaji tangu ujana. Vingekuwa vibaya, angemsamehe.

Kazi ya vigae ni kazi ya magoti. Miaka nenda miaka rudi ndugu wale walipiga magoti juu ya zege na kokoto, mpaka magoti yenyewe yakaisha. Sisemi yaliuma, nasema yaliisha: ile gegedu laini iliyo kati ya mifupa ikasagika yote, mfupa ukawa unasugua mfupa. Ikafika mahali wanapanda ngazi za wateja wamekaa kitako, kinyumenyume, kama watoto wanaojifunza kutambaa. Chapu alilifanyia mzaha jambo hilo. Pimamaji alisubiri kwanza watu wapite.

Wakati huo hospitali ya mifupa ilikuwa imeanza utafiti. Madaktari walitaka kujua kama mtu aliyebadilishiwa goti au nyonga anaweza kurudi kwake siku ileile ya upasuaji, akauguzwa nyumbani, na akapona sawasawa na yule anayelazwa. Kompyuta ingepiga kura: hawa waende nyumbani jioni, hawa walale wodini siku tatu kama ilivyozoeleka. Wote wangefuatiliwa kwa simu, na baadaye wangetembelewa na kupimwa. Ndugu wale wakajiandikisha pamoja, wote goti la kulia, na wakapangiwa siku moja.

Kompyuta, ambayo haijui kaka wala mdogo, ikampeleka Chapu nyumbani na Pimamaji wodini.

"Sasa dada," Pimamaji akamwambia nesi wa utafiti, "mimi ndiye mkubwa."

"Mzee wangu, kompyuta haiulizi nani katangulia kuzaliwa."

"Basi iambieni."

Nesi alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Pimamaji alishaamua kwamba kwenda nyumbani siku ileile ni heshima ya wenye afya, na kulazwa ni kuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa, na kwa mara nyingine Chapu amepewa, yeye akanyimwa. Na hapo jambo lenyewe hasa lilikuwa bado halijafika.

Lilifika nesi alipouliza nani atakaa na Chapu nyumbani siku za mwanzo. Mke wa Chapu alikuwa amefariki, na binti yake aliolewa mbali. Ndipo mama yao, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, akasema, "Mimi je? Mimi si mtu mzima?"

Mama huyu, ujue, alikuwa akiishi kwa Pimamaji tangu baba yao alipofariki. Alimzaa mwanawe wa kwanza angali msichana, kwa hiyo alikuwa bado na mgongo ulionyooka na mikono yenye nguvu. Pimamaji alimjengea chumba chake, akalaza humo vigae ambavyo hajawahi kuvilaza katika nyumba nyingine yoyote, akamweka kama yai. Mama akishika ufagio, anapokonywa. Akiosha kikombe, Pimamaji anamgombeza mkewe kwa nini mama ameosha kikombe. Ilikuwa fahari yake kuwaambia watu, "Mama yangu kwangu hagusi kitu." Watu wakamsifu, naye akanenepa kwa sifa.

Sasa mama huyohuyo anakwenda kwa Chapu kukoroga uji.

"Akishajiweza nitarudi," mama akamwambia.

Siku chache kabla ya upasuaji daktari aliwaita wagonjwa wake, akawaonyesha goti la plastiki. Hapa tunakata, akasema, hapa tunavisha chuma, katikati tunaweka kipande laini, na vyote tunavigandisha kwenye mfupa kwa simenti.

"Simenti?" Pimamaji akauliza.

"Simenti maalumu ya mfupa, mzee."

Daktari aliendelea kusema mengi, mengine ya maana sana, juu ya kuamka mapema na kukunja goti kila siku. Pimamaji alibaki na lile moja. Katika kikao kizima ndilo neno alilolijua kuliko daktari, au ndivyo alivyojiona.

Alipasuliwa yeye kwanza, Chapu akafuata. Alasiri, kalala wodini mguu umefungwa bandeji nene, alimwona mdogo wake akija kwenye ukumbi na fremu ya kutembelea. Anatembea. Polepole, meno kayauma, ila anatembea, na nyuma yake mama kambebea viatu.

"Kaka, mimi natangulia," Chapu akasema mlangoni. "Wasalimie manesi."

Mama alikuja kitandani, akamgusa paji la uso. "Wewe una watu hapa, baba. Yule hana mtu." Kisha akaondoka, na visigino vyake vikasikika ukumbini mpaka mwisho. Mzee mzima wa miaka hamsini na minane akageukia ukutani, akavuta blanketi mpaka kichwani. Ulikuwa wivu, na yeye mwenyewe alijua hivyo, ila mtu hajiambii.

Aliyokuja kujiambia ni mengine. Kila fundi vigae anajua kwamba kigae kilicholazwa leo hakikanyagwi. Unaweka ubao mlangoni, watu wanazungukia nyuma, na atakayethubutu kuingia unamfukuza kwa mwiko. Simenti mbichi haitaki haraka. Sasa yule mjinga katiwa simenti asubuhi na alasiri anaikanyaga! Pimamaji akatabasamu gizani mwa blanketi. Kigae cha Chapu kitaachia. Kitacheza, kitalia ng'o ng'o kama vigae vyote vya watu wenye haraka, na mama ataona ni yupi kati ya wanawe mwenye akili. Wazo hilo lilimtuliza kuliko dawa ya maumivu.

Basi dada wa mazoezi ya viungo alipokuja kumwamsha, alisimama kwa sababu alishikiliwa, akapiga hatua kwa sababu alitazamwa. Akikaa peke yake, mguu umenyooka kama ubao. Angeweza kumuuliza yule dada, "Hii simenti inakauka lini?" Swali dogo tu. Hakuuliza, kwa sababu dada angejibu, na huenda jibu lingempa haki Chapu. Wivu una akili zake, ndugu yangu, na mojawapo ni kutouliza.

Nyumbani aliendelea hivyohivyo. Mito miwili chini ya kisigino, goti limenyooka, macho dirishani. Nesi wa utafiti alipiga simu.

"Mazoezi unafanya, mzee?"

"Nafanya."

"Goti linakunja?"

"Vizuri kabisa. Na mdogo wangu anaendeleaje?"

"Siruhusiwi kukueleza habari za mgonjwa mwingine."

"Mimi ni kaka yake."

"Basi mpigie, mzee."

Hakumpigia. Habari alizipata kwa mkewe, mwanamke mcheshi mwenye ulimi usiokaa kinywani. Kwamba Chapu anakwenda dukani mwenyewe. Kwamba ameacha fremu, anatumia fimbo. Kwamba mama anafua, anapika, anabishana na muuza mboga dirishani, na juzi amekutwa anacheka mpaka kashika mbavu. Kila habari ilimchoma mahali pake.

"Anamtumikisha," akasema. "Anamtumikisha mama yetu uzeeni."

"Mimi naona mama kachangamka," mkewe akajibu. "Na wewe kunja hilo goti, baba watoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La kwako limevunjwa, likaungwa, na bado husikii."

"Hujui mambo ya simenti."

"Mambo ya simenti sijui. Ya kununa nayajua, nimeishi nayo miaka thelathini."

Kisha siku moja wakaja wote wawili, Chapu na mama. Chapu aliingia na fimbo yake, akaketi kwenye kiti, na goti lile likakunja chini yake kama la mtu yeyote. Pimamaji alilikodolea macho. Alisikiliza kama linalia. Halikulia.

"Bado umelinyoosha tu, kaka?"

"Kila mtu na goti lake."

"Sawa. Mimi mama hanipi nafasi. Asubuhi kabla ya chai ananisimamia: kunja, nyoosha, kunja. Nikichelewa nanyimwa chai." Akamtazama mama akicheka. "Jana kanifulia mpaka mapazia. Nimemwambia aache, hasikii."

"Mapazia," Pimamaji akasema. "Umemfulisha mama mapazia."

"Nilitaka mwenyewe," mama akasema.

"Mama, chumba chako kipo tayari. Shuka zimebadilishwa. Huyu ameshajiweza, kila mtu anaona."

Mama aliutazama mkoba wake. "Nitakuja, baba. Acha kwanza."

Hakusema lini. Walipoondoka, Pimamaji aliwasindikiza kwa macho mpaka nje ya geti: mama kamshika Chapu mkono, na hukuweza kujua nani anamtegemeza mwenzake. Ikampanda roho mbaya ambayo sitaipamba. Alitamani lile goti liachie palepale, mbele ya geti, mdogo wake aanguke, mama aachwe mkono mtupu arudi ndani. Ndugu wa tumbo moja. Alilitamani kabisa, akangoja, na Chapu akavuka barabara salama salimini.

Majuma sita ya kwanza yalipotimia, dada wa mazoezi alikuja kupima, kama utafiti ulivyotaka. Alikuwa na kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, cha kupimia goti linakunja kiasi gani. Akaweka kiganja chini ya goti, akasukuma polepole. Goti likagoma. Akasukuma tena. Pimamaji akaguna, jasho likamtoka.

"Mzee, ulikuwa unalikunja hili?"

Mkewe akamjibia. "Anasema anangoja simenti ikauke."

Dada yule alikaa kitako kwenye mkeka. Hakucheka, na afadhali angecheka. "Mzee wangu, ile simenti inaganda mlemle chumba cha upasuaji, ndani ya dakika chache, kabla hata kidonda hakijashonwa. Ulipoamka ilishakuwa jiwe. Ungeweza kusimama palepale. Ndiyo maana tulikusimamisha."

"Mbona sikuambiwa?"

"Hukuuliza. Na kukunja uliambiwa kila siku." Akalipapasa goti pembeni. "Simenti ya daktari ni nzima kabisa. Kilichoganda ni wewe. Makovu yanaota ndani na kushikana. Nakupa wiki mbili. Ukishindwa, utarudishwa hospitali, upewe dawa ya usingizi, tulikunje kwa nguvu. Na wakati mwingine halirudi lote hata hivyo. Fundi asiyekunja goti utafanya kazi gani?"

Alimwonyesha mkewe namna ya kumsaidia: keti mbele yake, shika muundi, sukuma kisigino kirudi chini ya kiti, na akilia usiachie. Mkewe alijaribu. Pimamaji alipoguna mara ya kwanza tu, mikono ikamlegea.

"Mimi siwezi," akasema, machozi yamemlengalenga, yeye mwenye ulimi wote ule. "Mwiteni mama. Yeye alimweza Chapu."

Mama akaja na mkoba wake. Ungemwona Pimamaji siku hiyo. Alikuwa na goti lililokufa na kazi inayoponyoka mikononi, na bado furaha ilimjaa mpaka masikioni. Amerudi. Ameacha kule, amekuja huku. Alimsikia akifungua mlango wa chumba chake, akamsikia akiweka kandambili kando ya kitanda, akala chakula cha siku hiyo kwa hamu.

Asubuhi mama alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akashika muundi kwa mikono miwili. "Kunja."

Mikono ile haikulegea. Pimamaji alimwita mama, akamwita marehemu baba yake, mama akaendelea. Alipomwachia, akamfuta jasho kwa upindo wa khanga yake.

"Chapu alilia zaidi yako," akasema, na Pimamaji akaona hilo ni jambo jema sana.

"Mama, sasa umerudi. Usijichoshe. Ukimaliza hapa pumzika, mke wangu yupo."

Mama akaendelea kukunja ile khanga, pindo kwa pindo, kama anayetafuta pa kuanzia. "Goti lako likishakunja, narudi kwa mdogo wako."

"Lakini amepona."

"Amepona. Siendi kumuuguza. Nakwenda kukaa."

Pimamaji alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama usoni, akaona amesikia.

"Nimekukosea nini? Kuna kitu umewahi kukosa humu?"

"Hakuna."

"Nimewahi kukuacha unyanyue hata ndoo?"

"Hujawahi," mama akasema. "Nikishika kikombe nakiona kimeshachukuliwa mkononi. Watu wanakusifu, na mimi nimekaa kwenye kile kiti nasifiwa pamoja na wewe. Nimechoka kukaa, mwanangu. Kwa Chapu napika, naambiwa mama, leo chumvi imezidi. Unajua ni miaka mingapi hakuna mtu aliyenilalamikia chumvi?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua, baba. Ndiyo maana sikusema."

Aliinuka akaenda kuosha kikombe chake, na mke wa Pimamaji aliyeinuka kumpokonya akasita, akarudi kukaa.

Sasa sikia kilichofuata, maana hapa ndipo mtu anapojuana na nafsi yake. Pimamaji hakuwa mjinga. Alifanya hesabu fupi kuliko zote za maisha yake: goti likikunja, mama anaondoka, lisipokunja, mama anabaki. Na alikuwa na goti ambalo halitaki kukunja. Alichotakiwa ni kutofanya kitu.

Jioni mama aliposema kunja, akalikaza. Asubuhi iliyofuata akalikaza tena. Mama alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akapumzika, akasukuma tena. "Leo limegoma," Pimamaji akasema, na moyoni akaona aibu na raha kwa pamoja, hakujua ipi kubwa. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Mama hakumlaumu. Alianza tu kuamka mapema zaidi, akisema labda asubuhi sana misuli bado haijakaza.

Jioni moja Chapu alikuja kuwajulia hali. Hakuwa na fimbo. Kabla hajaketi mama alishamuuliza kama amekula, kama amekumbuka kuanua nguo, kwa nini shati halikupigwa pasi. Anamgombeza huku uso unamng'aa. Pimamaji akautazama uso ule. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye kugombezwa na mama yake juu ya shati, hakukumbuka, na wivu ukamkaba vibaya kuliko siku ya wodini. Safari hii haukuwa na mtu wa kumlaumu. Chapu hakuwa ameiba kitu. Alichokionea wivu kilikuwa kimekaa hapa nyumbani miaka yote, na yeye ndiye aliyekizuia kwa mikono yake mwenyewe, kila kikombe, kila ufagio.

Chapu alipoondoka mama aliketi kwenye kigoda kungoja zamu yao ya jioni. Alikuwa anajikanda vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akidhani hatazamwi. Vilikuwa vimevimba kwenye maungio.

"Vinauma?" Pimamaji akauliza.

"Vitapoa. Lete mguu."

Akaupeleka. Mama akashika muundi na vile vidole vyake, akavuta pumzi. Na Pimamaji, kabla hajaambiwa, akashika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili na kurudisha kisigino nyuma kwa nguvu zake zote. Kitu kikaachia ndani, kikauma mpaka macho yakaona giza. Akaendelea. Kisigino kikapita pale kilipokuwa kinaishia siku zote, kikaingia chini ya kiti.

Mama akashtuka. "Polepole, utaumia."

"Naumia, mama," akasema, machozi yanamtiririka. "Wewe shika tu, usiachie."